Amplifaya ya zamani inazingua: utengeneze au ununue nyingine? Anza na dalili

Wakuu, maswali ni yaleyale kila siku. Upande mmoja hauimbi, ampli inaunguruma, imezima ghafla, fundi wa kwanza kasema imekufa hiyo nunua nyingine, fundi wa pili kasema acha laki mbili upite wiki ijayo. Mwenye mali anabaki njia panda maana ampli yenyewe kaachiwa na mzee, au kaiokota kwenye mitumba kwa bei chee na ilikuwa inapiga vizuri tu mpaka juzi. Nimepanga kwa dalili, tafuta ya kwako, usiruke hatua za mwanzo hata kama zinaonekana za kitoto.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwangu mimi amplifaya ni trafo (transfoma ya umeme), hitisinki (bati la kupoza joto) na boksi, basi. Hivyo ndo vizito, ndo vilivyokula hela siku inaundwa kiwandani. Kapasita (vinavyohifadhi umeme), rilei (swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme), swichi, transista (zinazokuza sauti), hivyo vinachakaa kama tairi za gari, na hamna mtu anauza gari kwa sababu tairi limeisha. Kwahiyo mtu akiniambia ampli yake ina miaka 40 namuuliza kwanza trafo nzima? Mengine tunaongea baadaye.

Kabla hujafungua kifuniko

Ampli iliyochomolewa bado ina umeme ndani. Zile kapasita mbili kubwa kama makopo ya nyanya zinakaa na volti 35 mpaka 70 kila moja na zinaweza kukaa nazo muda mrefu. Kuna watu wanazitoa chaji kwa kugusisha bisibisi, cheche inaruka, ncha ya bisibisi inalika, wanacheka. Usifanye hivyo. Chukua rezista ya omu 100 ya wati 5 au zaidi, ishike kwa koleo lenye mpira, iweke kwenye miguu ya kapasita sekunde kumi hivi, kisha pima kwa mita uone imeshuka chini ya volti mbili. Upande wa fyuzi na swichi ya kuwashia ni umeme wa ukutani kabisa, 230, ukigusa huo hamna utani. Na kama ampli yako ni ya valvu, zile balbu za kioo, humo ndani kuna volti 300 na kuendelea, hiyo funga kifuniko mpelekee fundi anayezijua, mi mwenyewe sizigusi.

Kingine, cheza kwanza mchezo wa kubadilishana. Spika ya kushoto imekufa? Zima ampli, nyuma yake hamisha waya, wa kushoto uende kulia na wa kulia uje kushoto. Spika ileile ikiendelea kuwa bubu basi ubovu ni spika au waya wake, ampli haina kosa. Ububu ukihamia spika ya pili, rudisha waya, sasa badilishana zile waya za RCA (za kuingizia sauti) zinazotoka kwenye simu, dek au tivii. Ububu ukihama tena ujue tatizo ni chanzo au waya wa RCA. Usipohama ndo unaweza kuanza kuilaumu ampli. Dakika tano tu hizo, na hapo kesi nyingi zinaishia.

Upande mmoja unapotea na kurudi

Naanza na hii maana ndo malalamiko makuu, na ndo inafanya watu watupe ampli nzima nzima.

Cha kwanza kabisa ni uchafu kwenye swichi. Ampli za miaka ya 70 na 80 zina utitiri wa vitufe, tepu monita, spika A na B, laudnesi, mono, na kila kitufe ndani kina vyuma vidogo vinavyogusana. Visipoguswa miaka vinafanya ukungu mweusi, na sisi wa pwani chumvi ya hewani inaharakisha, ampli iliyokaa Tanga au Unguja ni tofauti na iliyokaa Iringa hata kama zilinunuliwa siku moja. Zima, bonyeza kila kitufe mara thelathini, zungusha kila nobu mwanzo mpaka mwisho mara thelathini, washa. Ikirudi hata kwa siku mbili umeshajua ugonjwa. Dawa ni kontakti klina ile ya elektroniki, inapulizwa ndani ya swichi ampli ikiwa imezimwa na kuchomolewa, unazungusha, unaacha ikauke. Ile dawa ya kopo ya kulainisha nati na bawaba sio kazi yake, inaacha mafuta, vumbi linanasa, miezi sita unarudi ulikokuwa na hali mbaya zaidi.

Pia hakikisha tepu monita haijabonyezwa. Usicheke. Jamaa kanibebea ampli kwenye bodaboda kutoka Mbagala, kilo kumi na kitu kaipakata, kufika nikabonyeza kitufe kimoja ikaimba. Kitufe hicho kikiingia ndani ampli inasubiri sauti kutoka kwenye dek ya kaseti ambayo haipo.

Cha pili ni rilei ya spika. Hii ina tabia yake ya kipekee, ukishaijua huisahau. Ukiwasha kwa sauti ndogo upande mmoja haupo au unasikika kwa mbali umekwaruzika, ukipandisha volyumu juu ghafla unaingia "pah!" halafu unabaki vizuri mpaka uzime. Hapo ni vile vichwa vya rilei vimeungua kwa cheche za miaka mingi, umeme mdogo haupiti mpaka usukumwe. Watu wanapiga msasa, inafanya kazi muda kidogo halafu inakuwa mbaya kuliko mwanzo maana ule mpako wa juu umeshatoka. Rilei mpya ni kipuri cha bei ndogo, nyingi ni za volti 24, soma maandishi juu yake ununue ya volti ileile, ampea sawa au zaidi, na miguu inayolingana.

Cha tatu, zile ampli zenye vipande vya chuma kama herufi U nyuma vinavyounganisha sehemu ya awali na sehemu ya nguvu. NAD 3020 iliyotoka 1978 ni mfano unaojulikana, wati 20 tu kwa kila upande na mpaka leo watu wanaitafuta. Vile vipande vikipata kutu upande unapotea. Vichomoe ikiwa imezimwa, visugue, virudishe, na usiwashe bila kuvirudisha vyote ukabaki unashangaa kwanini hamna sauti.

Cha mwisho ni risasi za kulehemu zilizopasuka kwenye bodi, hasa miguu ya transista kubwa na tundu za spika nyuma. Ukigonga boksi kwa ngumi laini sauti inarudi, ndo hizo. Kulehemu upya ni kazi ya saa moja kwa anayejua. Hukumu kwa dalili hii yote ni moja, tengeneza. Sijawahi kumwambia mtu anunue ampli mpya kwa sababu ya upande unaopotea na kurudi.

Ukizungusha volyumu inakwaruza

Vumbi ndani ya potenshomita, yani kile kipande kinachozungushwa na nobu ya volyumu. Kontakti klina, zungusha, imeisha. Ikikwaruza palepale sehemu moja hata baada ya kusafisha mara mbili, ule mkaa wa ndani umelika, inabadilishwa. Ila ukwaruzaji unaoambatana na koni ya spika kuruka mbele na nyuma ni DC (umeme wa mkondo mmoja kama wa betri) inayopita kwenye volyumu, kuna kapasita ndogo inavuja huko mwanzoni, hiyo mwachie fundi.

Haiwaki kabisa

Anza ukutani. Soketi, plagi, waya. Halafu fyuzi. Ukiitoa itazame: uzi umekatika tu katikati na kioo ni safi, pengine umeme ulipanda au fyuzi imezeeka. Kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa kama rangi ya fedha kwa ndani, kuna shoti kubwa, usijaribu hata nyingine.

Kama kioo ni safi weka fyuzi yenye ampea zilezile na aina ileile, ikiandikwa T maana yake ni ya polepole, usiweke ya haraka. Ikikatika ya pili, simama. Na tafadhali tuache ile ya karatasi ya pakiti ya sigara. Najua kila mtu ana mjomba aliyeifanya na redio ikapiga miaka kumi. Kwenye ampli ile karatasi haikatiki, kinachokatika ni trafo, yani umeokoa fyuzi ya mia tano umeua kitu kigumu kuliko vyote kubadilisha.

Fyuzi nzima na bado kimya? Chomoa, washa swichi ya ampli, pima kwa mita kwenye miguu ya plagi. Ukipata omu kadhaa mpaka makumi, trafo ina njia na tatizo lipo mbele yake. Ikionyesha njia haipo, ni swichi, waya au trafo yenyewe. Baadhi zina fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya nyuzi za trafo, ikikatika trafo nzima inaonekana maiti.

Na sasa habari ya volti 100, maana inatuua wengi. Ampli nyingi kwenye makontena ya mitumba zimetoka Japani na umeme wa Japani ni volti 100. Geuza nyuma usome kibati, ikiandikwa AC 100V na plagi ina meno mawili bapa, usiichomeke kwenye umeme wetu kwa adapta ya elfu mbili. Mi nilifanya. Muuzaji hakusema nami sikuuliza, nilikuwa na haraka ya kusikia tu, ikaunguruma sekunde tatu, harufu ya vanishi, kwaheri. Mpaka leo boksi lake ndo meza yangu ya kulehemia. Ampli kama hiyo inahitaji trafo ya kushusha kutoka 230 mpaka 100, na tafuta ya 100 kweli, hizi nyingi za mtaani zinatoa 110 au zaidi na kapasita za kale hazipendi hiyo nyongeza.

Trafo ikishaungua ndo kesi yangu ya kwanza ya kusema achana nayo. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kusuka trafo ya kawaida ile ya mabati ya mraba kama atahesabu mizunguko ya zamani wakati anafungua, na ya duara kama andazi ni kazi ngumu zaidi. Kama ampli ni ya kumbukumbu ya mzee sawa, lipa. Vinginevyo uza vipuri vyake, kuna mtu anatafuta nobu na kioo cha mbele cha modeli hiyohiyo.

Taa inawaka, "tik" haisikiki, hamna sauti

Ampli yenye rilei ya spika ikiwa nzima, ukiwasha inasubiri sekunde tatu mpaka tano halafu rilei inagonga tik. Isipogonga, ampli imejifungia, inazikinga spika zako. Usiilazimishe.

Anza na rahisi: chomoa waya zote za spika, washa tena. Ikigonga, kuna shoti kwenye waya au spika, mara nyingi ni unyuzi mmoja mwembamba umegusa tundu la pili nyuma. Isipogonga, kifuniko kinafunguliwa, na kwa mpangilio wa ninavyokutana navyo ni hivi. Kwanza, transista kubwa za kutolea sauti zimepiga shoti. Pili, rilei au saketi yake ya ulinzi imechoka, nyingi zinatumia kipande kinaitwa uPC1237 na kapasita ndogo pembeni yake ndo hukauka. Tatu, upande mmoja wa umeme wa ndani haupo, rezista imeungua au brij (kipande kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC) imekufa.

Ukiwa na mita, ampli imechomolewa na kapasita zimetolewa chaji, weka kwenye mlio, gusa mguu wa kati na wa pembeni wa kila transista kubwa. Ikilia moja kwa moja, ishapiga shoti au jirani yake kwenye bodi imepiga. Na ikishakufa moja usibadilishe hiyo moja tu. Badilisha jozi, angalia rezista kubwa nyeupe za omu 0.22 au 0.47 karibu yake, angalia na transista ndogo inayoisukuma, la sivyo mpya inakufa sekunde ile unayowasha.

Kuwasha mara ya kwanza baada ya matengenezo ni kwa balbu. Balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100, inafungwa njiani kwenye waya mmoja wa umeme unaoenda kwenye ampli. Za LED hazifanyi hiyo kazi hata kidogo. Ikimulika kidogo halafu ikafifia, salama. Ikibaki inawaka kama ya sebuleni, zima, bado kuna shoti ila hujachoma kitu. Fundi asiye na balbu hii kwenye meza yake mi siachi ampli yangu pale.

Halafu pima DC kwenye tundu za spika: spika zimetolewa, volyumu sifuri, imewaka dakika kumi. Chini ya milivolti 50 ni vizuri. Ikivuka 100 kuna kitu kinalegea. Ukiona volti kamili, mbili, tano, thelathini, usifunge spika, koili itaungua.

Tatizo kubwa la hukumu hapa ni vipuri feki. Transista za 2SC5200 na 2SA1943 zimejaa madukani, Kariakoo zipo, Luthuli Nairobi zipo, nyingi hazijawahi kumwona mtengenezaji wake, Toshiba. Maandishi ya wino yakifutika kwa asetoni, rudisha. Zile ampli zenye kipande kimoja kikubwa cha STK (transista za kutolea sauti zimefungwa pamoja humo ndani) ndo mtihani zaidi, ilikuwa kazi ya Sanyo, idara yao ya vipande ilishanunuliwa na ON Semiconductor 2011, unachouziwa leo kama STK mpya kina nafasi kubwa ya kuwa kiigizo kinachofia kwenye sauti ya nusu. Ampli ya transista za kawaida iliyopiga shoti, tengeneza. Ya STK, tengeneza kama umepata ya kuchomoa kwenye ampli nyingine iliyo hai, ukikosa fikiria kubadilisha ampli.

Inaunguruma

Shusha volyumu mpaka sifuri. Mngurumo ukipotea, unatoka kwenye chanzo au waya: RCA imekatika kava, erthi ya dek ya santuri haijafungwa, kompyuta na ampli zipo soketi tofauti. Chaja ya laptop nayo ni mchawi mkubwa, ichomoe usikilize tofauti.

Mngurumo ukibaki palepale hata volyumu ikiwa sifuri, na ni mzito, ni zile kapasita kubwa zimekauka. Umeme wetu ni hezi 50, ukigeuzwa unakuwa na mapigo 100 kwa sekunde, kapasita ikichoka hayo mapigo unayasikia. Usisubiri ivimbe juu ndo uamini, nyingi zinakauka zikiwa bapa kabisa. Ukibadilisha, ujazo uleule au juu kidogo, volti zilezile au zaidi, na hasi iende kwenye hasi, ikigeuzwa inalipuka na sio kwa mfano. Ukiwa humo ndani angalia gundi ya njano ya kiwandani, ikishageuka kahawia inakula miguu ya vipuri na inapitisha umeme, ikwangue yote taratibu. Kinyesi cha mijusi nacho vilevile, hilo hakuna kitabu cha Ulaya kitakwambia.

Inachemka

Kwanza angalia nini kipo juu yake. King'amuzi, kitambaa cha kufuma cha mama, vyote ondoa, ipe nafasi ya kiganja juu. Pili, umefunga spika ngapi? Jozi mbili za omu 4 kwenye A na B pamoja ni omu 2, ampli nyingi hazikuumbwa kwa hilo. Tatu, bayasi (umeme mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki) imepanda. Hiyo inarekebishwa kwa kiskrubu kidogo ukiwa na mita na kipimo cha modeli yako, kugusa bila kipimo ni kuchoma transista kwa hiari. Nne, mtu alibadilisha transista akasahau krimu nyeupe ya kupitisha joto au akarudisha maika (kikaratasi cha kuzuia umeme chini ya transista) iliyopasuka. Joto la upande mmoja tu bila muziki kupigwa, zima upeleke kwa fundi. Harufu au moshi, chomoa ukutani na usiwashe "kuhakikisha".

Sauti imekuwa nyembamba, haina nguvu

Hapa ndo watu wanakimbilia kununua. Kabla hujatoa hela azima spika nyingine siku moja. Mara nyingi ninayoyakuta ni sponji ya pembeni ya koni imeoza, au tuwita (spika ndogo za sauti nyembamba) ziliungua zamani, au waya mmoja umegeuzwa chanya na hasi besi ikapotea. Besi ikirudi ukigeuza waya wa upande mmoja, umemaliza.

Ukinunua mpya kwa sababu ya wati, soma wati za kweli. Ile PMPO elfu tatu kwenye boksi, yani wati za kutangazia biashara, ni hadithi. Vibodi vya klasi D (ampli ndogo za kisasa) vya TPA3116 vinatoa kama wati 50 kila upande kwenye omu 4 kwa umeme wa volti 21, kwa chumba cha kawaida vinatosha na havili umeme, siwezi kuvidharau. Kutoka ampli nzima ya wati 40 kwenda ya 80 unaongeza desibeli 3 tu, utasikia tofauti ndogo, jirani hatasikia kitu.

Sababu ya maana ya kununua nyingine ni kitu ampli haina kabisa, mfano unataka waya wa HDMI wa tivii. Blututhi haihesabiki, kipokezi kidogo unakichomeka kwenye tundu la RCA, imeisha.

Mi najiwekea hivi: fundi na vipuri vikivuka nusu ya bei ya kupata nyingine kama hiyo ikiwa nzima, naacha. Na trafo ikiwa imekufa, au kipuri kikuu hakipatikani cha kweli, naacha hata kama ni nafuu. Nje ya hapo natengeneza.

Ukienda kwa fundi, mwelezee dalili, usimpe jina la ugonjwa, ukimwambia "badilisha kapasita" atabadilisha kapasita na rilei yako itabaki mbovu. Mpelekee mchoro wa saketi ukiupata mtandaoni, uuprinti. Mwambie mapema unataka vipuri vya zamani urudishiwe. Na siku ya kuchukua isikilizwe kwa spika za pale kwake nusu saa nzima, volyumu ya kawaida, ndo ulipe.